Ukikatwa, Anza Tena Karto ya Kwanza

Kazi yangu ilianza Jumanne moja, saa nne na dakika kumi ya asubuhi, nikiwa nimesimama mbele ya tablo, ubao wa kalasi, na machozi yako karibu. Nilikuwa mwaka wa tatu wa sekondari. Prof Zihindula, mwalimu wetu wa Kiingereza, alikuwa ameniomba jambo dogo tu, niseme jina langu na ninakokaa. Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Kalasi nzima ilingoja, halafu ikachoka kungoja, ikaanza kucheka.

"Nsimire," akasema Prof, "mudomo yako iko mugonjwa?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Sawa. Na mukono?"

Nikamuonyesha mkono. Akauangalia mbele na nyuma kama daktari, akaweka ndani yake biki ya bluu na kipande cha karto ya sabuni, yaani boksi lililokatwa, akasema kuanzia leo mimi ndiye nitaandika maneno ya kalasi. Nikarudi kwenye benchi. Rafiki yangu Espérance, ambaye mdomo wake haujaugua hata siku moja, akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika mpaka dirishani: "Ona bubu! Anapata kazi mbele ya bakubwa bote ba Bukavu."

Neema, ninakuandikia wewe haya, na wale watakaokuja nyuma yako, kwa sababu wiki iliyopita nilikukabidhi sanduku la karto na sasa mimi ni mstaafu. Nina miaka kumi na nane. Papa amefanya kazi ya ofisi tangu sijazaliwa na bado anaamka na jogoo, kwa hiyo siku hizi ananiangalia nikinywa chai polepole na ninaona uso wake haufurahi. Sitakuambia habari za kupanda cheo kwa sababu hakuna. Nilianza nikiwa mwandishi wa karto, nikamaliza nikiwa mwandishi wa karto.

Kwanza, swali ambalo watu watakuuliza mpaka uchoke: katika Bukavu hii, na vita hii, kwa nini mashairi ya Waingereza wa zamani, watu wa panga na ngao, ambao lugha yao hata Waingereza wa leo hawaisikii? Jibu ni fupi. Vita ya kwanza ilinikuta shule ya msingi. Ya pili ndiyo iliyobeba vitabu vya shule yetu, pamoja na milango na mabati ya choo. Kilichobaki ni kile ambacho walimu walikuwa nacho kichwani, na kichwani mwa Prof Zihindula kulikuwa na kile alichosomea chuoni, yaani maneno yote ambayo mtu anahitaji ili asome mashairi ya kale ya Kiingereza. Prefe, mkubwa wa shule, akamuambia afundishe alicho nacho. Kama Prof angekuwa amesomea nyuki, leo ningekuwa ninakuandikia juu ya nyuki.

Watauliza pia kwa nini Kiingereza. Tantine, shangazi yangu wa Nguba, aliniuliza mbele ya wageni: "Unajifunzaka Kiinglezi ya nani? Ya hawa benye bunduki?" Maana wakati ule wale waliokuwa wanashika mji, wakubwa wao wengi walikuwa wanaongea Kiingereza, na mtu mwenye kitabu cha Kiingereza alikuwa na shida pande mbili. Majirani walidhani umejiunga nao, na wao walidhani unawasikiliza. Nilimjibu Tantine kwamba ni Kiingereza cha watu waliokufa zamani sana. Akatulia. Wafu hawajawahi kumsimamisha kwenye barieri, vile vizuizi vya barabarani.

Sasa vyombo. Tumia karto ya sabuni, usitumie ya biskuti za msaada. Ya biskuti ni laini na inakubali wino vizuri, lakini panya wanaijua. Karto zangu za kwanza zililiwa zote kwa wikendi moja, na Prof alisema amefurahi kuona kwamba kuna mtu shuleni mwenye hamu ya masomo. Kata kwa wembe, si kwa makasi. Funga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Biki nyekundu inapauka, inakuachia karto nyeupe na aibu.

Upande mmoja unaandika neno kwa Kiingereza, lile tu. Upande wa pili unaandika maana kwa Kiswahili, sentensi moja, kwa sababu Prof alisema maana ambayo koko yako, yaani bibi yako, hawezi kuielewa bado si maana. Koko yangu wa Luhwindja nilimsomea mara moja karto ya elegy, kwamba ni shairi la kulilia waliokufa au wakati uliopita. Akasema, "Hiyo ninaimbaka kila siku juu ya ng'ombe zangu walizokamata." Nikarudi nikaandika chini yake: *Koko na ng'ombe zake.* Ndiyo ilikuwa sheria ya pili. Kila neno lilipewa mfano wa kwetu, hata kama mfano wa Waingereza ulikuwa mzuri zaidi.

Epic, hadithi ndefu ya shujaa kwa shairi, ilipata mfano wa mtu wa Kalehe aliyetembea na familia yake yote mpaka Kisangani na kurudi. Boast, yaani majivuno ya shujaa kabla ya kupigana, ilipata Papa yangu siku anayosema atatengeneza redio mwenyewe. Caesura, ule mpumuo katikati ya mstari, Prof aliuonyesha kwa mwili: alipanda kati ya mabenchi kama mtu anayepanda kilima cha Kadutu na bidon, dumu la maji, akasimama, akapumua, akaendelea. Hatukusahau kamwe. Wengine mpaka leo hawapandi Kadutu bila kusema "caesura" njiani.

Lakini iliyopendwa na wote ilikuwa kenning. Washairi wale wa zamani hawakupenda kuita kitu kwa jina lake. Waliunganisha maneno mawili au matatu, wakakipa kitu jina la kuchora. Prof akasema tutengeneze yetu, na mimi niyaandike bila majibu. Majibu ya kenning hayaandikwi, yanakaa mdomoni, ili kila anayeshika karto alazimike kufikiri. Kwa hiyo kwenye karto yangu ya kenning kulikuwa na mistari tu, hivi:

*Shamba la sambaza.* Hilo ni ziwa letu, kwa sababu ya vile visamaki.

*Mtoto wa njano wa mgongoni.* Bidon.

*Ampuli isiyokatika.* Mwezi, ampuli ya taa ambayo umeme hauikati, na hiyo ilikuwa yangu, ingawa nilimpa Espérance aiseme kwa niaba yangu.

*Fimbo inayokohoa.* Bunduki.

Ya tano ilikuwa ya Espérance mwenyewe. Aliileta Jumatatu moja, bila mizaha yake ya kawaida. Jana yake askari walikuwa wameingia kwao wakati wa chakula bila kubisha hodi, wakakaa mezani, wakamaliza sufuria, wakaondoka na sufuria. Alisimama akasema: "Askari ni mugeni asiyebisha." Hakuna aliyecheka. Mimi nilishika biki hewani, nikamuangalia Prof.

"Andika, mama," akasema.

"Prof, hii..." Ndiyo maneno mawili ambayo nilikuwa nimeyasema kalasini mwezi ule.

"Kalasi imeisema, karto inaipokea. Andika."

Nikaandika.

Sheria ya tatu ndiyo kubwa. Prof hakukubali mtu aseme karto moja moja. Unasimama, mikono nyuma, unaanza epic, unashuka mpaka karto ya mwisho, kwa mpangilio wa sanduku, na majibu ya kenning yote. Ukikatwa, iwe umesahau au mtu amekohoa au mvua imepiga bati, unaanza tena karto ya kwanza. Alisema washairi wa zamani walibeba mashairi kichwani hivyo, bila kitabu, na sisi tulikuwa tumefika mahali pao kwa njia nyingine. Matokeo yake ni kwamba mpaka leo ukiniuliza ghafla caesura ni nini, siwezi. Lazima nianze epic.

Mimi sikusimama mbele ya kalasi kusema karto hata mara moja. Prof alinihurumia, akanipeleka kurudisha masomo yangu, yaani kuyasema kwa kichwa, jikoni kwake, mbele ya mke wake, ambaye sote tulimuita Maman Prof. Maman Prof hakujua Kiingereza. Lakini alikuwa ameyasikia maneno yale miaka mingi, akajua wimbo wake, na nikiteleza alisikia. Alikuwa anamenya mihogo, mgongo kwangu, na hiyo ilinisaidia. "Hapo umeruka," anasema bila kugeuka. "Anza tena." Nilianza tena. Nadhani kwa miaka ile nimekula mihogo mingi kwa Maman Prof kuliko kwetu.

Kisa kigumu kilikuwa kimoja tu, na kilikuja mwaka huu, kabla ya examen d'État, mtihani wa taifa.

Kila Alhamisi mchana Prof alishuka kwa baiskeli mpaka Mumosho kufundisha shule nyingine ambayo nayo haikuwa na vitabu, na sanduku letu la karto lilikwenda naye, limefungwa nyuma. Alhamisi hiyo kulikuwa na barieri mpya njiani. Wakafungua sanduku.

Maman Prof alifika kwetu saa tisa, kitambaa cha kichwa mkononi. Mama yangu akamletea kiti, hakukaa.

"Bamekamata Prof," akasema. "Juu ya karto. Banasema ni maneno ya siri. Na jioni kamioni itamupeleka kule juu."

Kule juu, ambako malori yao yalipeleka waliokamatwa, tulikujua wote. Watu wawili wa mtaa wetu walipelekwa kule mwezi uliotangulia, na familia zao zilikuwa bado zinauliza.

"Tumutume nani?" akauliza Mama. "Prefe?"

"Prefe ameenda. Bamemufukuza. Banataka majibu. Prof anawapa majibu, banasema anatunga." Akanigeukia. "Nsimire iko na sanduku yote mu mudomo. Mimi ninajua. Wengine banajua nusu nusu."

"Mutoto mwanamuke, kwa basoda benye bunduki?" Mama alisimama kati yetu. "Hapana. Maman Prof, unisamehe. Hapana."

Papa alikuwa ameketi. Akainuka, akavaa koti lake la ofisini na tai, akaniangalia. "Unaweza?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kwamba sijui. Ilikuwa kweli.

"Tutaenda watatu," akasema. "Mama, tupikie kitu. Tutarudi."

 Njiani nilijaribu kuanza epic kimoyomoyo, na kila nilipofika scop, yaani mshairi wa nyumba ya mfalme, kichwa kilizimika. Nilifikiri: kama siwezi kimoyomoyo, mbele yao itakuwaje? Maman Prof alitembea mbele yangu, mgongo kwangu, haraka.

Nyumba ya askari ilikuwa ile ofisi ya zamani ya watu wa kutengeneza barabara. Prof alikuwa ameketi chini bila viatu, bila miwani, shavu moja limevimba. Mkubwa wao alikuwa nyuma ya benchi la shule, sijui la shule ipi, magoti yake hayaingii. Mbele yake karto zangu zote. Kiswahili chake kilikuwa cha upande mwingine, kile cha redio.

"Nani aliandika hizi?"

Mkono wangu ukainuka. Mkono haujawahi kunisumbua.

"Mwalimu wako anasema ni somo. Somo gani halina majibu?" Akachukua karto ya kenning. "'Ampuli isiyokatika.' Ni ishara ya nini? 'Mgeni asiyebisha.' Ni nani huyu, na anakuja siku gani?"

Prof akafungua mdomo.

"Wewe nyamaza. Umeshasema. Nataka mtoto aseme bila kukuangalia."

Sikujua Prof alikuwa amesema nini. Angeweza kuwaambia ni mvua, ni mwizi, ni kitu chochote, na mimi nikisema kingine, tumekwisha.  Papa akagusa kiwiko changu. Halafu Maman Prof akafanya kitu ambacho sitasahau. Akanipa mgongo. Akageuka ukutani, kama mtu aliye na mihogo yake ya kumenya, akasema polepole:

"Anza."

Mikono yangu ikaenda nyuma yenyewe.

"Epic," nikasema. "Hadithi ndefu ya shujaa kwa shairi. Mtu wa Kalehe. Scop. Mshairi wa nyumba ya mfalme. Papa Mushamuka anayeimba kwenye harusi. Comitatus. Watu walioapa kufa pamoja na mkubwa wao..."

"Mkubwa gani?" akakata. "Watu gani wameapa?"

Alikuwa amenikata. Nikavuta pumzi.

"Epic. Hadithi ndefu ya shujaa kwa shairi. Mtu wa Kalehe..."

"Nimekuuliza kuhusu walioapa!"

"Epic," nikasema, na sauti ikapanda kidogo, kwa sababu mara ya tatu daima inapanda. "Hadithi ndefu ya shujaa kwa shairi."

Askari wa mlangoni akaanza kucheka. Mkubwa akamuangalia, akaniangalia, akanyoosha mkono niendelee. Nikashuka. Comitatus, vijana wa mpira wa Nguba. Boast, Papa na redio, na nikasikia Papa anakohoa nyuma yangu. Nikafika kenning. Nilijua mstari wa tano unakuja. Nilifikiri kuuruka. Lakini sanduku halirukwi, ukiruka mmoja yote inayofuata inapotea, na zaidi ya hapo nilimjua Prof. Kwa miaka yote ile hakuwahi kukubali jibu lipakwe rangi, hata Prefe alipomuomba. Kama alikuwa amepigwa kofi, alikuwa amepigwa kwa jibu la kweli.

"Ziwa ni shamba la sambaza. Bidon ni mtoto wa njano wa mgongoni. Mwezi ni ampuli isiyokatika. Bunduki ni fimbo inayokohoa. Askari ni mugeni asiyebisha. Alliteration..."

"Simama! Rudia hiyo."

"Epic," nikasema.

"Hapana! Hiyo ya askari tu!"

"Siwezi, commandant." Nilishangaa kusikia sauti yangu, ilikuwa ya mtu wa kawaida. "Ukinikata lazima nianze juu."

"Ni kweli, mkubwa," Prof akasema kutoka chini. "Ni sheria ya kalasi."

Basi nikaanza juu. Alisikiliza yote. Nilisema mara ya pili kwamba askari ni mgeni asiyebisha, nikiwa ninamuangalia kifungo cha shati, na safari hii hakunikata. Nikaendelea alliteration, sauti moja inayorudi mwanzo wa maneno. Nikaendelea caesura, na mahali pa mpumuo nikapumua kama Prof anavyopumua, na askari wa mlangoni akapumua pamoja nami. Nikaendelea elegy, Koko na ng'ombe zake. Mkubwa akaanza kujikuna shingo. Akaangalia sanduku, akaona karto bado ni nyingi.

"Zimebaki ngapi?" akauliza.

Alikuwa amenikata tena. Sikufanya kusudi, Neema, ninakuapia. Ni mazoea tu.

"Epic," nikasema. "Hadithi ndefu ya..."

"Basi!" Akapiga benchi kwa kiganja. "Basi, basi. Mtu aliyetengeneza siri hawezi kuchosha watu namna hii. Hii ni shule. Mwalimu, simama." Akaisogeza karto ya kenning upande, chini ya kiwiko chake. "Na wewe uliniambia hivyo hivyo, mgeni asiyebisha, usoni kwangu."

"Ndiyo, mkubwa."

"Hii inabaki hapa. Nyingine chukueni. Na huyu mtoto," akaniangalia, "asilete mdomo wake hapa tena."

Ninakuomba usome sentensi hiyo mara mbili. Ni sifa pekee niliyopata kazini.

Tulitoka. Prof alikuwa amerudishiwa viatu lakini si miwani, kwa hiyo alimshika Maman Prof begani, Papa akasukuma baiskeli, mimi nikabeba sanduku. Kamioni ilitupita ikielekea kule tulikotoka, tupu, na hatukuangaliana mpaka sauti yake ilipokwisha. Hapo Papa akaanza kucheka. Alicheka akasimama, akashika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili.

"Kumbe mimi na redio yangu tuko kwenye Kiinglezi ya zamani," akasema. "Na bamenisoma mbele ya basoda."

"Ni mfano mzuri, Papa Nsimire," akasema Prof kwa heshima. Halafu akanigeukia, shavu lake limemziba jicho. "Kwenye elegy ulikimbia."

"Muache mutoto," Maman Prof akasema.

"Sijasema kitu kibaya. Ninasema tu alikimbia."

Nyumbani Mama alikuwa amepika fufu, ugali wa muhogo, ya kutosha watu wote pamoja na Prof, sufuria kubwa, maana alikuwa amejiambia kwamba akipika kwa watano watakula watano. Aliponiona alinishika mashavu akayabana mpaka yakauma, halafu akaenda kugeuza fufu ambayo haikuhitaji kugeuzwa. Nililala mapema, nikalala kama jiwe la barabara.

Kuhusu examen, utataka kujua. Katika maneno yote ya sanduku, hakuna hata moja lililotoka. Walituuliza juu ya mfanyabiashara na gari lake. Nilipita.

Lakini ninataka kumalizia na Ijumaa ile, kesho yake. Nilifika shuleni mapema, na Prof akaingia na shavu lake na miwani ya kuazima iliyomfanya aonekane padri. Kalasi ilikuwa imeshasikia yote, na zaidi ya yote. Akaweka sanduku mezani, akauliza nani atasimama kurudisha masomo. Kila kichwa kikanigeukia.

Sikuinua mkono. Nilikuwa nimeongea maneno ya mwaka mzima. Espérance akasimama badala yangu, akaanza epic, na mimi nikatoa kipande cha karto ya sabuni chini ya benchi, nikakikata kwa wembe, nikaandika kenning upande mmoja, nikageuza, nikaandika mistari ileile kwa mpangilio, majibu nikiyaacha mdomoni. Ziwa. Bidon. Mwezi. Bunduki. Espérance alipofika hapo, mdomo wake ukasita kidogo, akaninamia kuangalia kama mstari wa tano bado upo.

Ulikuwepo, wino wake bado mbichi. Akausema, akashuka mpaka mwisho bila kukatwa.